Mgongo wa Kadi Una Wenyewe

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa waunda kompyuta. Wengi waliokosa kufika wameniomba, nami nayaweka hapa yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Palipokuwa na picha ya lazima, nimeieleza kwa maneno.

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo.

Naomba kila mwenye kompyuta yenye kioo ubavuni anyooshe mkono. Naam, ni wengi. Sasa niambieni: ukichungulia kupitia kioo hicho, unaona nini cha kadi yako ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye skrini? Unaziona feni? Huzioni. Kwenye kasha la kusimama kadi hulala kifudifudi. Uso wake, wenye feni na kipozajoto, umeelekea sakafuni, na mgongo ndio ulio juu. Miaka yote utakayoishi na kadi hiyo, utakachokuwa unakitazama ni mgongo.

Ndiyo maana watu wanataka kuupamba, na mimi niko upande wao. Mtu amekusanya kompyuta yake kipande kwa kipande, amepanga nyaya mpaka usiku wa manane, halafu katikati ya kazi yake yote kuna ubao wa plastiki wenye jina la kampuni. Kwa nini asiweke bamba lake mwenyewe, lenye rangi yake, mchoro wake, jina la mtoto wake? Aweke. Nimetengeneza mabamba mengi, na furaha ya kuliona la kwanza limekaa mahali pake bado ninayo.

Lakini kuna neno moja nataka mtoke nalo hapa. Mgongo wa kadi una wenyewe. Umeme unakaa pale. Joto linakaa pale. Hewa nayo ina njia yake pale. Wewe na bamba lako mnaingia nyumba ya watu. Na nyumba ya watu huingiwi bila hodi.

Nianze na umeme, kwa sababu huyo ndiye mwenyeji asiyesamehe.

Chukua kadi isiyo na bamba, uigeuze. Pitisha macho, usipitishe kidole. Utaona vipele vya lehemu kwa mamia, na katikati yake miba. Ile miba ni miguu ya kapasita na koili zilizopenyezwa kutoka upande wa pili, zikalehemiwa, kisha zikakatwa. Zimekatwa, ndiyo, lakini hazikulainishwa. Zingine zimesimama juu ya bodi kwa milimita moja au zaidi, na ncha zake zinachoma. Halafu tazama matundu ya skrubu. Mengi yamezungukwa na pete ya shaba inayong'aa, na pete hiyo kwenye kadi nyingi imeunganishwa na ardhi ya saketi, yaani njia ambayo umeme hurudia. Mnaiona hatari iko wapi? Ukifunga bamba la chuma kwa skrubu kwenye matundu yale, bamba zima limekuwa ardhi. Mwiba wowote wenye umeme ukiligusa, umeme unapata njia ya mkato. Wala haijalishi umegusa pembeni au katikati.

Kuna kijana mmoja aliniletea kompyuta yake, amekata tamaa. Alikuwa amekata bamba la alumini la milimita 2, amelipiga msasa, amelipulizia rangi nyeusi mara tatu. Kazi safi kabisa. Akaamini rangi ile inatosha kuhami umeme. Alipobonyeza kitufe, feni zilishtuka nusu mzunguko zikasimama. Akabonyeza tena, zikashtuka tena. Nilimwomba achomoe waya wa ukutani, tukalifungua bamba, tukaligeuza chini ya taa. Kwenye ile rangi nyeusi kulikuwa na mikwaruzo mitatu midogo inayong'aa, kama alama za kucha. Mikwaruzo mitatu tu! Rangi ilikuwa imechubuliwa na miba siku ile ile ya kufunga, alipokuwa anakaza skrubu. Kadi yake ilipona kwa sababu pawasaplai, kile kifaa kinacholisha kompyuta umeme, ilihisi hitilafu ikajizima yenyewe kila mara. Alibahatika.

Mimi sikubahatika. Kadi yangu ya pili kuifungia bamba niliihami kwa tepu nyeusi ya kawaida, ile ya mafundi umeme. Ilikaa vizuri karibu mwezi mzima. Nikajisifu, nikawaonyesha watu. Kumbe gundi ya tepu ile hulainika ikipata joto, na kila siku tepu ilikuwa inateleza kidogo kidogo. Jioni moja skrini ikajaa mistari ya rangi, kisha ikawa nyeusi, na kadi haikuamka tena. Nilipofungua nilikuta tepu imejikusanya upande mmoja, na mguu wa kapasita umetoboa palipobaki pembamba. Kadi ile niliinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Mpaka leo nimeitunza. Iko pale mezani, mtaiona.

Basi nawaambia ninachofanya siku hizi. Kati ya bamba na bodi kuna nafasi, na nafasi hiyo siikisii, naipima. Nachukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia milimita, natafuta kilicho kirefu kuliko vyote mgongoni, halafu naweka vibomba vya nailoni vinavyozidi urefu huo. Chini ya bamba nagandisha karatasi ya plastiki ya kuhami, isiyo na tundu isipokuwa pale skrubu inapopita. Pale penye miba mirefu naongeza tepu ya Kapton, ile ya rangi ya kaharabu, kwa sababu inahimili joto kubwa kuliko lolote ambalo kadi itatoa. Mtu atauliza: alumini iliyotiwa rangi kiwandani kwa njia ya umeme si inahami? Ngozi yake inahami, ni kweli. Ila ni ngozi nyembamba mno, na ukikata ukingo au ukitoboa tundu umeshaichuna. Msiitegemee peke yake.

Na multimita, ndugu zangu, kile kipima umeme, multimita! Kabla ya kufunga bamba, kadi ikiwa mezani haina umeme wowote, pima ukinzani kati ya pini za volti 12 kwenye soketi ya waya wa umeme na pini za ardhi. Andika namba uliyoipata. Funga bamba, pima tena palepale. Namba zile mbili zifanane. Zikitofautiana sana, bamba linagusa kitu. Usiiwashe, fungua utafute. Ila msije mkaogopa bure. Mkigusa koili zilizoizunguka chipu kuu, multimita inaweza kulia kana kwamba kuna hitilafu. Njia ile ya umeme hubeba takriban volti moja tu lakini mkondo mkubwa sana, na ukinzani wake ni mdogo kwa asili. Ndiyo maana nasema linganisha kabla na baada. Mlio mmoja peke yake haukwambii lolote.

Mwenyeji wa pili ni joto.

Watu wengi wanaamini bamba la nyuma linapoza kadi. Je, linapoza? Jibu langu: tazama limegusa nini. Bamba lililosimama hewani, halijagusa chipu yoyote, halipozi chochote, na wakati mwingine linazuia hewa. Mwaka 2013 NVIDIA, kampuni ya kadi za grafiki, walitoa kadi ya GTX 780 ikiwa na mgongo wazi. Mwaka uliofuata wakatoa GTX 980 yenye bamba, lakini kipande kimoja cha bamba hilo wakakifanya cha kuondolewa. Kwa nini? Kwa sababu waliofunga kadi mbili pamoja walihitaji hewa ipite katikati, na ule unene mdogo wa bamba ulikuwa unambana jirani. Wenye kadi yao wenyewe walikiri kwamba bamba lina gharama yake kwa hewa.

Kisha zikaja kadi ambazo bamba lake linafanya kazi kweli. RTX 3090 ya mwaka 2020 ina chipu 24 za kumbukumbu, na 12 kati ya hizo ziko mgongoni. Kumbukumbu hizo ni za aina ya GDDR6X, na zina joto kali. Zikikaribia nyuzi 110 za Selsiasi, kadi inapunguza kasi kujiokoa. Bamba la kadi ile limebanwa juu ya pedi za joto, vile vipande laini vinavyopitisha joto, na pedi zimekaa juu ya chipu. Hilo si pambo tena, ni kipozajoto cha pili.

Sasa sikilizeni yaliyompata ndugu yetu mmoja mwenye kadi hiyo. Alilipenda bamba la akriliki nyeusi lenye mchoro wa simba, milimita 5 nene, akaligandisha juu ya bamba la kiwandani. Kwa saa za mwanzo hakuona tofauti. Kazi yake ni kutengeneza picha za majengo, kompyuta inaachwa ikichora usiku kucha. Akaanza kuona kazi iliyokuwa inaisha alfajiri sasa inaisha mchana. Alibadilisha programu, akasafisha feni, akaongeza feni nyingine. Wiki mbili anahangaika. Nilipomtembelea niliweka mkono juu ya bamba la simba, na halikuwa na moto wa kutisha, kwa sababu akriliki haipitishi joto vizuri. Alumini hupitisha joto mara mamia kuliko akriliki. Alikuwa ameifunika kadi blanketi. Joto lilikuwa limekaa chini, likipika kumbukumbu, na juu mkono haukuhisi kitu. Tulipong'oa akriliki tukakuta imeshabinuka katikati, kwa sababu plastiki ile huanza kulegea ikizidi nyuzi 80 hivi. Simba wake tulimchonga upya kwenye alumini nyembamba.

Kwa hiyo, swali la kwanza kabla ya kufungua hata skrubu moja: kumbukumbu ziko upande gani? Kama zote ziko mbele, kama ilivyo kwenye RTX 3090 Ti ya 2022, una uhuru mkubwa. Kama ziko nyuma, bamba lako lazima liwe la chuma kinachopitisha joto, ukubwa wa pedi lazima ulingane na uliotoka kiwandani, na unene wa pedi upimwe kwa uangalifu. Pedi nene kupita kiasi hubinua bodi. Pedi nyembamba haigusi.

Na kwenye kadi za siku hizi tazama pia kama mgongo una dirisha. Tangu zile RTX 3080 za NVIDIA wenyewe zilipotoka, zenye feni inayovuta hewa chini na kuitoa juu kupitia mgongoni, watengenezaji wengi wameuacha mwisho wa kadi wazi. Ukiliziba dirisha hilo kwa jina lako, umeiziba kadi pua.

Uzito nitausema kwa ufupi. Wapo wanaofunga bamba nene la chuma wakidhani litaiponya kadi iliyoinama. Haliiponyi. Bamba linaipa bodi ukakamavu, hilo nakubali, lakini kadi inainamia kwenye sloti, pale inapochomekwa, na kwenye zile skrubu mbili za nyuma ya kasha, na huko bamba halifiki. RTX 4090 ya NVIDIA peke yake ina zaidi ya kilo 2. Chuma cha kawaida ni kizito karibu mara tatu ya alumini, kwa hiyo ukiongeza bamba la chuma umeiongezea mzigo. Kama kadi imeinama, iwekee nguzo chini. Basi.

Tuje kwenye kipimo, mahali ambapo mioyo mingi huvunjika.

Wengi huanza kwa kupiga picha ya kadi kwa simu. Msifanye hivyo. Lenzi ya simu hupinda kingo, na matundu ya pembeni yatahama. Ukiweza kuitenga bodi na kipozajoto, ilaze juu ya skana na rula kando yake. Usipoweza, weka karatasi juu ya mgongo, sugua kwa penseli mpaka matundu yajitokeze, kisha hakikisha kila umbali kwa kalipa. Halafu unapochapisha mchoro, ichunge printa! Printa ina tabia ya kupunguza ukurasa ili utoshee karatasi. Ikichapisha kwa asilimia 97, kwenye kadi ya milimita 260 umepoteza karibu milimita 8. Mimi huchora mstari wa milimita 100 pembeni mwa kila mchoro na kuupima kwa rula kabla ya kuuamini ule mwingine.

Kisha kata kadibodi. Ndiyo, kadibodi ya boksi. Ipachike kwenye kadi, ipachike kadi kwenye kompyuta, uone kama inagonga vijiti vya RAM, kama inagusa kipozajoto cha prosesa, kama kidole chako bado kinafika kwenye kile kilimi kinachoifunga kadi kwenye sloti. Kadibodi ikikosea unaitupa. Alumini ikikosea unalala nayo macho.

Skrubu nazo zina adabu yake. Kadi nyingi hutumia M2, M2.5 au M3, na ukiongeza bamba la milimita 3, skrubu ya zamani imekuwa fupi kwa milimita 3. Inashika uzi mmoja tu, ukikaza inaukata. Ukichukua ndefu mno, inafika mwisho wa tundu kabla haijabana. Na zile nne zenye springi, zinazoizunguka chipu kuu, naomba sana: ziachieni nafasi yake. Kateni tundu kubwa kwenye bamba zipite humo. Zile ndizo zinazokibana kipozajoto juu ya chipu. Ukiweka akriliki chini yake, akriliki italegea taratibu, mbano utapungua, joto litapanda, na utalaumu bure pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipozajoto. Mkilazimika kuzifungua, badilisheni pesti, na mkirudishia kazeni kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, zamu kwa zamu.

Stika iliyobandikwa juu ya skrubu ina maana yake katika masharti ya dhamana. Yasomeni kabla. Na mwenye kutaka taa kwenye bamba ajue kuna taa za volti 5 zenye pini tatu na za volti 12 zenye pini nne. Ukizichanganya, za volti 5 zinaungua papo hapo.

Nina kisa kimoja cha mwisho, na hiki kinanigusa.

Dada mmoja alikuja na barua ya marehemu mama yake. Mama aliiandika kwa mkono, na mwishoni kuna mstari: "Soma mwanangu, mimi nipo." Alitaka mwandiko ule ule, na mkono wa mama yake ukitetemeka vile vile, uchongwe kwenye bamba la kadi. Alijifunza kila kitu mwenyewe. Aliipitisha barua kwenye skana, akaibadilisha kuwa mchoro, akapima matundu, akakata kadibodi mara nne. Mashine ya leza iliichoma ile rangi nyeusi ya alumini, na herufi zikabaki nyeupe, nyembamba, kila mkunjo mahali pake. Aliihami vizuri. Namba za multimita zilifanana. Akafunga kadi, akasimamisha kasha, akawasha taa.

Mwandiko ulikuwa kichwa chini miguu juu.

Kosa hili nimeliona kwa watu wengi, na halitokani na uzembe. Unapoiweka kadi mezani, mkono wenyewe unayageuza yale meno ya dhahabu yaelekee kwako, kwa sababu huko ndiko tunakoona kuwa chini. Lakini ndani ya kasha meno yale yako mbali na mtazamaji, yameingia kwenye bodi mama, na ukingo wenye soketi ya umeme ndio ulio karibu na kioo. Kwa hiyo unapochora, geuza: meno ya dhahabu yawe juu, kile kipande cha chuma chenye matundu ya nyaya za skrini kiwe kushoto kwako. Hapo maandishi yatasomeka. Na kama kadi yako utaisimamisha wima, feni zielekee kioo, basi mgongo hauonekani kabisa, jiokoleeni kazi.

Dada yule alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nitalichonga lingine." Akarudia yote, wiki nzima. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Lile bamba la kwanza hakulitupa. Amelitundika ukutani juu ya meza yake, na huko linasomeka vizuri. Kwa hiyo akiketi kufanya kazi, mama yake yupo mara mbili.

Ndugu zangu, pale mezani nimeweka kadi tatu zilizokufa, ile yangu ikiwa mojawapo, pamoja na bisibisi, kalipa mbili, multimita na kadibodi ya kutosha. Kaeni wawili wawili. Mmoja apime, mwenzake aandike namba. Na kabla hamjashika chochote, guseni kile kipande cha chuma kilichounganishwa na ardhi, umeme tuli uwatoke mikononi. Anayeanza ni nani?